Anko wa Muziki Anajibu: Huo Wimbo ni wa Nani Hasa?

Karibuni tena wapenzi wasomaji. Toleo lililopita nilichomekea mistari miwili mitatu tu kuhusu wasanii wanaogombania nyimbo, nikasema mwenye la kuuliza aulize, basi barua zimemiminika mpaka mhariri kanipa kurasa zote nizijibu na bado nyingine zimebaki. Majina ya waliouliza nimeyaficha. Na tuelewane mapema, mimi nimezeekea kwenye muziki sio mahakamani, mambo yakishafika kwenye barua zenye mihuri tafuta wakili.

SWALI: Anko hujambo. Sisi hapa maskani Mombasa kila jioni ni vita ya wimbo wa Malaika. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Moshi asema ni wa Mtanzania na Fadhili William aliuchukua tu, sisi twasema ni wa Fadhili, Mkenya, kwisha maneno. Tumewekeana dau la mbuzi. Tuamulie bana. (Wa Maskani, Mombasa)

JIBU: Sijambo mwanangu. Huyo mbuzi muacheni ale majani kwanza maana mmegombania kitu ambacho watu wazima wamekigombania toka sijaota ndevu.

Tuanze na pasipo na ubishi. Fadhili William ndo anayejulikana kuwa wa kwanza kuuingiza kwenye santuri, mwanzoni mwa miaka ya 60 akiwa na Jambo Boys, halafu mwaka 1963 akaurekodi upya Equator Sound, ile studio ya Charles Worrod pale Nairobi. Kuanzia hapo wimbo ukapata mabawa. Miriam Makeba akaushika, akauimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965 iliyopata Grammy, Boney M wakauchukua 1981, Angélique Kidjo akaurudia 1991, na mahoteli ya pwani yote kuanzia Watamu mpaka Bagamoyo hakuna mtalii aliyelala bila kupigiwa.

Upande wa pili yupo Adam Salim, mzee wa Moshi, ambaye alisema aliutunga yeye miaka ya 1940 alipokuwa anaishi Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda na akamkosa kwa sababu ya ukata. Watu wake wanasema ushahidi ni wimbo wenyewe, si unamsikia kijana analia hana cha kumuolea? Na mimi hapo huwa nacheka, maana kijana asiye na mahari yupo kila mtaa, Moshi yupo, Mombasa yupo, na Nairobi ndo usiseme, kisa cha namna hiyo hakithibitishi chochote. Tena nyie wa Mombasa mbona mnajisahau, hapo hapo kwenu wapo wanaomtaja Lucas Tututu, na wengine wanamtaja Grant Charo. Kwahiyo hiyo vita yenu ya watu wawili kumbe ina watu wanne.

Sasa kwanini mirabaha, yaani malipo ya mwenye wimbo kila unapotumika, ilikuwa inamfuata Fadhili na sio hao wengine? Watu wengi hapa wanaelewa vibaya, wanadhani sheria inasema anayewahi studio ndo mwenye wimbo. Hapana. Sheria ya hakimiliki inamlinda mtunzi, aliyeumba maneno na melodi, hata kama hajawahi kukanyaga studio. Ila mahakama haina mashine ya kurudi mwaka 1945 ikasikilize nani anaimba uani. Kwahiyo kuna kanuni, ipo mpaka kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, kwamba jina lililoandikwa kwenye kazi kama mtunzi ndo linachukuliwa kuwa mtunzi mpaka atokee mtu athibitishe vinginevyo. Umeona hapo? Fadhili alikuwa na jina kwenye lebo ya santuri. Adam Salim alikuwa na simulizi. Simulizi inaweza ikawa kweli tupu kabisa lakini mzigo wa kuithibitisha unakuwa juu ya mgongo wako, na miaka ikishapita shahidi mmoja kafa, mwingine kasahau, mwingine anasema yeye ndo katunga.

Na kuna kitu kingine cha enzi zile, wimbo ulikuwa unatembea. Mtu anasikia kitu kwenye dansi Moshi, anakipeleka Nairobi, anaongeza beti, mwenzake anabadilisha kiitikio, na hakuna aliyekuwa anaona anaiba. Siwezi kukataa kwamba Malaika ulipita mikono mingi kabla ya kufika kwa Worrod. Ninachokijua ni kwamba kama mwenye nao kisheria ni Fadhili, ambaye alifariki 2001, basi kwa hesabu ya Kenya ya miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, wimbo unalindwa mpaka mwisho wa 2051. Wajukuu wenu ndo wataupiga bure. Mbuzi mchinjeni mle wote.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi ni msanii nachipukia niko Mbagala. Mwaka jana nilinunua biti kwa prodyuza mmoja nikamtumia elfu hamsini kwa simu, akanitumia biti WhatsApp, nikaenda kuingiza sauti studio nyingine. Wimbo umekubali sana, sasa jamaa kaibuka anasema biti ni yake, kapiga ripoti YouTube wimbo umeshushwa na anataka milioni tatu. Mimi si nililipa jamani? (Chipukizi, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ulilipa ndio, swali ni ulilipia nini.

Wimbo unaouona mmoja ndani yake kuna mali za watu tofauti. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi na mpangilio wa vyombo. Kuna rekodi yenyewe, lile faili lililotoka studio, ambalo huwa ni la aliyegharamia kurekodi. Kuna haki za walioimba na kupiga. Prodyuza aliyekutengenezea biti toka mwanzo ni mtunzi pia wa hicho kipande chake. Ukimpa elfu hamsini bila maandishi maana yake inaweza kuwa umekodi biti uitumie, sio kwamba umenunua shamba na hati. Kuhamisha hakimiliki yote kunataka maandishi yenye sahihi, na wewe hapo una nini? Una meseji ya muamala.

Lakini usikate tamaa, hiyo meseji ni dhahabu. Itafute, na chat zote za WhatsApp usifute hata moja, kama kuna sehemu amesema "biti yako tayari kaka" au "kazi kwako" hiyo ni dalili kwamba alikuruhusu kuitumia. Alikuruhusu, akala hela, halafu wimbo umepata watu ndo anasema umeiba? Hapo ana kazi ya kueleza. Kwa YouTube una nafasi ya kupinga, unajaza fomu yao ya kukanusha dai, ukishajaza aliyekuripoti anapewa siku 10 za kazi aonyeshe kwamba ameenda mahakamani, asipofanya hivyo wimbo unaweza kurudi. Ila usijaze kwa hasira, ile fomu ni tamko la kisheria na jina lako na anwani vinamfikia mwenzako. Na angalia chaneli yako, straiki tatu, yaani maonyo ya hakimiliki, ndani ya siku 90 wanaweza kuifunga chaneli nzima na nyimbo zako zote zikaenda.

Hujawa wa kwanza wala usione aibu. Mwaka 2019 wimbo wa Uno wa Harmonize, wakati ule uko juu kila baa, ulishushwa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya Magix Enga kulalamika kwamba biti imechukuliwa kwenye kazi yake ya Dundaing. Harmonize huyo, mwenye menejimenti na kila kitu. Kwahiyo wewe wa elfu hamsini kaa na mwenzako mezani, milioni tatu ni bei ya kutishia, mwambie mgawane asilimia za mapato ya wimbo, na jina lake liandikwe kama prodyuza na mtunzi mwenza. Mimi nimeona ugomvi mwingi sana wa namna hii na mara nyingi kilichomuuma prodyuza sio hela, ni kwamba wimbo umetoka jina lake halimo.

Wimbo unaofuata, kabla hujafungua mdomo kwenye maiki, andikeni karatasi moja, hata ya daftari: wimbo unaitwaje, nani kafanya nini, nani ana asilimia ngapi, biti ni ya kukodi au ya kununua moja kwa moja, sahihi, tarehe, na shahidi. Kizungu cha mwanasheria hakihitajiki.

SWALI: Anko, marehemu baba yangu alikuwa mpiga gitaa na mtunzi kwenye bendi ya dansi miaka ya 70 na 80. Nyimbo zake mpaka leo zinapigwa redioni na nimezikuta mtandaoni watu wamezipakia wanapata hela. Tumeenda kwa waliobaki kwenye bendi wanasema nyimbo ni za bendi sio za mtu. Sisi watoto hatuna chetu kweli? (Binti wa Mpiga Solo, Morogoro)

JIBU: Pole sana binti yangu, na barua yako ndo imenikalisha kuliko zote kwa sababu kwenye muziki wetu wa dansi hapo ndo penye mtego mkubwa.

Enzi za baba yako bendi nyingi hazikuwa za wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndo hiyo ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Kimulimuli ilikuwa ya JKT, Polisi walikuwa na yao. Mwanamuziki alikuwa anaajiriwa kama mfanyakazi mwingine yeyote, ana mshahara, vyombo ni vya mwajiri, hata gitaa alilokuwa anapiga baba yako huenda halikuwa lake. Na sheria kwa kawaida inasema kazi uliyoitengeneza ukiwa kazini kwa ajira yako haki za kiuchumi zinaenda kwa mwajiri, isipokuwa kama mlikubaliana tofauti. Kwahiyo hao wazee wa bendi hawajasema uongo wote, wamesema nusu. Maana hata kama ni hivyo, mwenye haki angekuwa mwajiri, sio wao waliobaki jukwaani.

Halafu ongeza na hili. Rekodi nyingi zilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam kwa sababu studio nyingine za maana hazikuwepo, bendi inaingia asubuhi inarekodi nyimbo kadhaa na mikanda inabaki redioni. Kwahiyo mkanda una mwenyewe, utunzi una mwenyewe, na upigaji una wenyewe, na wote hao wanauita "wimbo wetu".

Kitu ambacho hakuna mwajiri anaweza kukinyang'anya ni jina. Haki ya mtunzi kutambuliwa kwamba yeye ndo katunga inabaki kwake. Hapo ndo pa kuanzia. Nendeni mkakusanye: lebo za santuri kama mnazo, kanda za redio ambazo mtangazaji anamtaja mtunzi, magazeti ya zamani, barua ya ajira, picha, na ushahidi wa wanamuziki waliokuwepo, huyo wa mwisho msimsubirishe, mrekodini wiki hii hii kwa simu akiwa na nguvu zake. Halafu nyaraka za mirathi, maana bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama hakuna ofisi itakayowasikiliza, utakuta kaka anadai, mama mdogo anadai, wote mnarudishwa. Mkishakuwa na hivyo nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkasajili kazi zake.

Nikupe moyo kidogo kwa kisa cha Afrika Kusini. Solomon Linda, Mzulu, mwaka 1939 aliingia studio ya Gallo Johannesburg na kundi lake la Evening Birds akarekodi Mbube. Haki zake zikaenda kwa shilingi kumi. Shilingi kumi binti yangu. Sahani ikafika Marekani, Pete Seeger na The Weavers wakaiimba kwa jina la Wimoweh wakidhani ni wimbo wa jadi, na mwaka 1961 The Tokens wakautoa kama The Lion Sleeps Tonight, ukawa hiti ya dunia. Linda akafariki 1962 akiwa maskini wa kutupwa. Baadae Disney wakautumia kwenye The Lion King. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan akaianika hadithi yote kwenye jarida la Rolling Stone, ndo mawakili wakafukua sheria ya Uingereza ya 1911 ambayo makoloni yaliitumia, ndani yake kuna kifungu kwamba hata mtunzi akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kufa kwake zinarudi kwa warithi. Mabinti zake wakafungua kesi dhidi ya Disney 2004, na 2006 wakamalizana na waliokuwa wanaumiliki wimbo, familia ikaanza kulipwa. Miaka 44 baada ya mzee kuzikwa.

Sikuambii kwamba na nyie mtapata kama wao, wale walikuwa na wimbo wa dunia na watu wa kuwasimamia. Nakuambia tu kwamba baba kufa hakufungi faili. Na hao walioupakia mtandaoni, chukua picha za kurasa zao zote leo na idadi ya waliotazama, kabla hawajafuta.

SWALI: Anko eti nikichukua chini ya sekunde saba za wimbo wa mtu sishtakiwi? Mshkaji studio kaniambia ni sheria ya kimataifa. (Dogo, Arusha)

JIBU: Mshkaji wako muogope. Hakuna sheria ya sekunde saba, wala ya noti nane, wala ya "nimebadilisha kidogo". Kinachoangaliwa ni kama ulichochukua ni sehemu yenye maana ya kazi ya mwenzako, na sekunde tatu za kiitikio zinaweza kuwa ndo wimbo wenyewe. Muulize Michael Jackson, alichukua kile kiitikio cha makossa cha Manu Dibango wa Cameroon toka kwenye Soul Makossa ya 1972, maneno machache tu ya kurudiarudia, ikabidi wamalizane kwa hela. Ukitaka sampo, yaani kipande cha wimbo wa mtu, omba, ukikataliwa piga chako.

SWALI: Anko kijijini kwetu kuna wimbo wa ngoma bibi zetu wameuimba miaka yote, sasa msanii mmoja wa mjini kautoa studio na kaandika "umetungwa na" jina lake. Wazee wamekasirika. Wanaweza kufanya kitu? (Mjukuu, Mtwara)

JIBU: Wana haki ya kukasirika. Msanii anaweza kudai mpangilio wake mpya, vinanda alivyoongeza na beti alizotunga mwenyewe. Wimbo wa bibi zenu haugeuki kuwa wake kwa kuupeleka studio. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 ina sehemu nzima inayozungumzia sanaa za jadi, kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kuna utaratibu wa ruhusa, na unapaswa kutaja jamii uliyoichukulia. Waandikieni BASATA, baraza la sanaa la taifa, na COSOTA kupitia ofisi ya utamaduni ya wilaya, muambatanishe video ya akina bibi wenyewe wakiucheza. Lakini kwanza mpigieni huyo msanii, anaweza kuwa mjukuu wa hapo hapo na wala hajui kama kakosea. Na muwe na uhakika kwamba kweli ni wa jadi, maana Mbube nao waliuita wa jadi na mwenyewe alikuwa yupo hai anafanya kazi Johannesburg.

SWALI: Mimi natengeneza video za harusi na za kampeni za wagombea. Ukumbi unakuwa umelipia leseni ya muziki, kwanini tena naambiwa video ina hakimiliki? (Kamera, Nakuru)

JIBU: Leseni ya ukumbi ni ya kupiga muziki watu wasikie, basi. Kuuchukua wimbo ukaubandika kwenye picha ni ruhusa nyingine na inatoka kwa wenye wimbo wenyewe. Kwenu Kenya mmeshaliona hilo mchana kweupe, Mei 2022 Azimio la Umoja walipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga wakatoa video yenye Extravaganza ya Sauti Sol, na Sauti Sol wakatoka hadharani kusema hatukuombwa na hatuungi mkono mtu. Wagombea wako wakikwambia "weka tu hiyo ya fulani" waambie walete barua ya ruhusa, wasipoleta tafuta mpiga kinanda akutungie.

SWALI: Anko hivi kuna msanii wa Bongo aliyewahi kushinda kesi kubwa kweli au ni maneno ya kwenye semina tu? (Nimechoka, Dodoma)

JIBU: Yupo, tena wawili. AY na MwanaFA waliipeleka mahakamani kampuni ya simu ya Tigo kwa sababu nyimbo zao Dakika Moja na Usije Mjini zilikuwa zinauzwa kama miito ya simu bila ridhaa yao, na Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili. Kampuni ikakata rufaa kama ilivyo haki yake na mambo yakaendelea kwa miaka, kwahiyo usidhani ni hukumu leo na gari kesho. MwanaFA mwenyewe baadae akawa mbunge wa Muheza na 2023 akateuliwa naibu waziri wa hiyo hiyo wizara ya sanaa, kwahiyo ndugu yangu Nimechoka ukiwa na barua ya malalamiko angalau kuna mtu pale ambaye hahitaji kuelezwa mwito wa simu ni nini. Ya kwako ni kesi gani? Umeuliza kwa uchungu lakini hujasema wimbo, niandikie tena na uambatanishe mkataba kama upo.